Yasizidi Chumvi ya Machozi

Mume wa Mwongeli alikuwa na meno mawili tu mdomoni, na tangu alfajiri alikuwa ameharisha mpaka nepi zote zikawa kwenye kamba, mbichi. Mwongeli alimfunga mgongoni kwa leso, akafunga mlango wake wa Makina, akashika njia ya Kawangware kwa miguu huku akimkemea. "Wewe bwana utanimaliza. Mwanaume gani anaumwa tumbo hivi na hajaonja hata kijiko cha muthokoi?"

Mume huyo alikuwa mjukuu wake. Aliitwa Mulei, jina la marehemu babu yake, na huko Ukambani nyanya akipata mjukuu mwenye jina la mumewe huhesabiwa kuwa amerudishiwa mume. Humtania, humnunia akikataa uji, humuuliza mbona amechelewa kurudi nyumbani. Wengi hufanya hivyo kwa mzaha tu. Mwongeli hakuona mzaha mwingi hapo. Alikuwa amekaa mjane mpaka akazoea, kisha Kamene, binti yake wa pekee, akazaa mtoto ambaye baba yake alikuwa ameshabadilisha laini ya simu, akamweka mikononi mwake na kusema, "Huyu ni wako, mwaitu. Mimi nitatafuta, wewe unilindie." Mwaitu ndilo neno la Kikamba la kumwita mama mzazi. Kamene, msichana wa mjini, siku zote alimwita "mum", na lile neno la nyumbani alilitoa tu alipokuwa na jambo zito. Mwongeli alilichukua kama kiapo.

Sasa alikuwa akimpeleka mtoto akanyonye. Kamene alikuwa kibarua kwenye shamba dogo la majaribio Kawangware, upande unaopakana na Riruta. Shamba lenyewe lilikuwa magunia, safu kwa safu, yamejazwa udongo na kutobolewa ubavuni, na kila tundu limechomekwa mche wa sukuma wiki. Chuo kikuu kimoja kilitaka kujua mboga za magunia zinahitaji maji kiasi gani, kwa sababu mtaani maji ni shida na hakuna anayetaka kuyamwaga bure. Magunia mengine ya majaribio hayo yalikuwa mlangoni kwa Mwongeli. Mbegu ilikuwa ile ile, udongo ule ule ulioletwa kwa mkokoteni kutoka Riruta. Na hapo ndipo palipokuwa na aibu yake. Mboga za Kawangware zilikuwa zimenona, zimesimama, zinajivuna. Zake zilikuwa zimelala, kingo zimeungua, na kadiri alivyozimwagilia ndivyo zilivyozidi kulala.

Kamene alipokuwa akinyonyesha, Mwongeli alimsogelea Shivachi, fundi wa vipimo kutoka chuoni. Shivachi alikuwa amechuchumaa mbele ya kifaa ambacho wafanyakazi walikiita presha, kwa kuwa kilifanana na sufuria ya presha iliyounganishwa na pampu ya baiskeli. Alikata jani, akalifungia ndani, akaacha kikonyo peke yake kimechungulia nje kwenye tundu la mpira. Kisha akaanza kupampu, jicho limebandikwa kwenye lenzi.

"Unatafuta nini hapo?" Mwongeli aliuliza.

"Natafuta chozi, mathe. Nikisukuma hewa, jani linatoa maji hapa kwa kikonyo. Likitoa haraka, limeshiba. Likikataa, lina kiu, na hayo machache liko nayo limeyashikilia kabisa."

Pampu chache tu, na tone likachomoza, dogo, safi.

"Hili limekunywa usiku kucha," Shivachi alisema.

"Na zangu je?"

"Zako ndizo zinanisumbua. Ile geji niliweka kwa gunia lako inasema udongo umelowa. Nikasema imeharibika, nikaleta ingine. Hiyo ingine pia inasema umelowa. Na majani yamelala. Kesho asubuhi nakuja na hii presha, tujue nani anatudanganya."

Mwongeli aliona haya kana kwamba yeye ndiye aliyeshukiwa. Kimoyomoyo akaamua akifika nyumbani aongeze maji.

Kamene alimfungia mtoto mgongoni tena, akampa pakiti za dawa ya kuharisha alizopewa kliniki, zile za kukoroga kwenye maji.

"Moja kwa lita, mum. Uchemshe maji. Umpe kidogo kidogo kwa kijiko. Na akizidiwa unipigie, usingoje jioni."

"Wewe ulilelewa na nani?" Mwongeli alimjibu. "Hayo maji nilikunywesha wewe kabla hujajua kuketi."

Kamene akacheka, akamgusa mtoto shavu, akarudi kwenye magunia.

Sasa ni lazima isemwe habari ya maji ya Mwongeli, maana hapo ndipo shetani alipokuwa amekaa akimngoja. Maji ya mfereji ya kanjo yalikuwa yamekatika Makina, na nyuma ya ploti aliyopanga chumba kulikuwa na kisima kipya kilichochimbwa kwa mashine. Mwenye ploti alikuwa Fatna, Mnubi aliyezaliwa pale pale, na mama yake, na nyanya yake. Fatna na majirani wengine waliyatumia maji ya kisima kupiga deki. "Hayo si ya kunywa, Mama Kamene," Fatna alikuwa amemwambia. "Hata sabuni inayakataa. Njoo uchote kwangu, nina mtungi wa kununua."

Mwongeli alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alizaliwa Ikutha, kusini kabisa mwa Kitui, akakua kwenye maji ya kisima. Maji hayo aliyanywa na ng'ombe wa baba yake, akapikia, akaogea, akazeeka nayo. Alipokuja Nairobi kulea mjukuu, maji ya mfereji yalimpitia mdomoni bila habari. Siku alipoonja ya kisima kile cha nyuma, moyo ulimtulia. Yalikuwa na ladha ya kwao. "Nyinyi mmedekezwa na mifereji," alimwambia Fatna. "Hayo ni matamu kabisa." Fatna akamwacha, kwa kuwa mtu mzima hafundishwi kunywa maji. Na Mwongeli akayatumia kwa kila kitu, hata magunia akayanywesha asubuhi na jioni. Kamene, aliyekula na kunywa kazini, hakuwahi kuyaonja.

Siku hiyo alichota ndoo, akayachemsha hadi yakapungua, kwa sababu yeye si mchafu na vijidudu anavijua. Akapima lita kwenye jagi, akamimina pakiti, akakoroga. Kisha akafanya alilofundishwa zamani kwenye zahanati ya Ikutha, Kamene akiwa mchanga. Sista wa zahanati alikuwa akiwasimamisha akina mama mstari na kuwaimbisha: onja kabla ya kumpa mtoto, yasizidi chumvi ya machozi.

Mwongeli akaonja. Sukari aliisikia kwa mbali. Chumvi hakuisikia kabisa.

"Hizi zimekaa stoo mpaka zikaisha nguvu," alisema peke yake, akisikitika jinsi watu wa kliniki wasivyojali. Akachota chumvi ya jikoni kwa vidole viwili, akaongeza. Akaonja. Bado. Akaongeza tena, kwa uangalifu wa mtu anayejua anachofanya. Sista alikuwa amesema yasizidi, lakini Mwongeli tangu zamani alikuwa ameigeuza kanuni hiyo ikawa ndiyo kipimo chenyewe, na hakutulia hadi ulimi wake ulipomwambia kwamba sasa ni machozi.

Mulei aliyanywa kwa pupa. Alikishika kijiko kwa mikono miwili, akalia kilipotolewa, akafungua mdomo kabla hakijarudi. Mwongeli alifurahi mno. "Kunywa, bwana wangu. Kunywa urudishe nguvu." Alimpa, mtoto akaomba tena, akampa. Jioni Kamene alipofika jagi lilikuwa tupu, na tumbo la mtoto lilikuwa limeanza kufunga. Walishukuru Mungu wote wawili. Ni kweli mtoto alikuwa moto kidogo na alilia kwa sauti nyembamba isiyo yake, lakini nani asiyelia akiumwa? Alinyonya, akalala kwa kushtukashtuka, na kulipokaribia kucha Kamene akaenda zamu yake ya kupima kabla jua halijatoka, akiwa na wasiwasi lakini si wa kumzuia.

Asubuhi hiyo Mwongeli alikoroga jagi jingine. Mulei alikunywa, kisha akaanza kusinzia katikati ya kijiko, akishtuka na kulia, akisinzia tena. Alilia macho yakiwa makavu. Mwongeli alimfinya tumboni taratibu kama wanavyofanya wauguzi, na ngozi ikawa nzito vidoleni mwake, mfano wa unga uliokandwa. Hakupenda. Akamfunga mgongoni na kutoka nje apate hewa.

Huko nje alimkuta mbuzi wa Fatna kwenye magunia. Mbuzi yule alikuwa na tabia iliyowachekesha watu wa ploti. Majani hakuyagusa. Alikuwa akiramba gunia lenyewe, pale palipotoka ukoko mweupe, anaramba amefumba macho. "Toka hapa, mwendawazimu!" Mwongeli alimrushia ndara. Wakati huo huo Shivachi akaingia na pikipiki yake, ile presha imefungwa nyuma kwa kamba za mpira.

"Sasa mathe. Mtoto yuko aje?"

"Anasinzia. Fanya haraka upime, nataka kumrudisha ndani."

Shivachi aliisoma geji kwanza. Udongo umelowa, kama kawaida. Hata kidole kilitoka na matope. Akakata jani, akalifungia, akapampu. Akapampu tena. Kikonyo kilikuwa kikavu. Akajifuta jasho, akaangalia kama mpira unavuja, akaendelea. Mshale wa presha ulipanda ukapita pale ulipokuwa Kawangware, ukapita mbali, ukakaribia mwisho wa namba. Ndipo tone likajitokeza kwa shida, dogo mno, likakaa pale pale.

"Aisee," Shivachi alisema polepole. "Hili jani linakufa na kiu. Limesimama kwa matope na linakufa na kiu."

"Si ungeniambia nimwagilie zaidi?"

Shivachi alichomoa mfukoni kifaa kingine, chembamba, akakichovya kwenye ndoo ya Mwongeli ya maji ya kisima. Akakitazama, akakikung'uta, akachovya tena. Mwisho akachovya kidole chake, akalamba, na papo hapo akatema.

"Mathe! Haya maji ni chumvi tupu."

"Chumvi wapi? Matamu hayo."

"Onja."

Mwongeli akaonja. Yalikuwa maji tu. Maji ya kwao. "Sisikii kitu," alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalimtisha kidogo.

Shivachi alikuwa tayari anazungumza na magunia, mtu aliyefumbua fumbo lake na hana habari na lingine. "Kumbe ni hii. Sasa geji haikukosea. Geji inapima vile udongo umeyashika maji, basi, na chumvi haiioni. Lakini mzizi unaiona. Mzizi ukivuta maji, chumvi inavuta pia. Chumvi ikizidi ndiyo inashinda, na inaweza hata kuyatoa yale maji mmea ulikuwa nayo ndani. Kila ukimwagilia, maji yanakauka na chumvi inabaki. Unaona huu ukoko mweupe? Ndiyo hiyo. Ulidhani unazinywesha, mathe, kumbe ulikuwa unaziongezea kiu."

Mwongeli alipeleka mkono nyuma, akaishika leso. Uzito wa mtoto mgongoni mwake ulikuwa umebadilika, umelegea, kichwa kimemlalia begani.

"Na mtu?" aliuliza.

"Mtu nini?"

"Mtu akinywa. Mtoto. Mtoto akinywa, na anataka tena, na anataka tena?"

Macho ya Shivachi yakapita mlangoni yakatua kwenye stuli, kwenye jagi lenye kijiko.

"Ulikoroga dawa na haya maji?"

"Na pakiti. Halafu..." Alilitazama jagi. "Sikusikia chumvi. Nikaongeza."

Fatna alikuwa ametoka aliposikia sauti zao. Aliliendea jagi bila kuuliza, akalitia mdomoni, akatema ukutani na kushika kichwa. "Ya Rabi! Mama Kamene, umempa mtoto hii? Hii mtu mzima hawezi!"

Mwongeli alipiga yowe. Si la kuita watu, maana watu walikuwapo. Lilikuwa yowe la msibani, na majirani walitoka wakidhani mtoto ameshakata roho. Fatna alimfungua leso, akamtazama mtoto, akamrudisha kifuani kwa nyanya yake na kumsukuma kwenye pikipiki. "Nenda! Kamene nitampigia mimi. Jagi chukua, wakaone!" Shivachi aliiacha presha yake ya chuo kikuu chini kwenye vumbi, akaondoka nao.

Hospitali kubwa ilikuwa imejaa. Foleni ya akina mama ilizunguka benchi mpaka nje, na muuguzi wa mezani alimtazama mtoto, akauliza anaumwa nini. "Anaharisha, mathe atakueleza mengine," alisema Shivachi, akakimbia kuitoa pikipiki njiani. Muuguzi, aliyekuwa ameona watoto wanaoharisha tangu kupambazuke, akanyoosha mkono kwenye ndoo ya dawa iliyokorogwa tayari, akachota kikombe. "Keti pale, mama, umpe kidogo kidogo. Utaitwa."

Kikombe kile kilimfikia Mwongeli mkononi. Dawa ile ile. Angeketi pale kwenye benchi na akina mama wenzake, akampa kidogo kidogo, na hakuna hata mmoja wao ambaye angejua. Hata Ikutha habari hii ingefika, kwamba Mwongeli, ambaye wajawazito walimfuata kuuliza mambo, amemtia mjukuu chumvi kwa mkono wake. Kisha mtoto akarusha mkono mara moja, kwa kushtuka, na macho yake yakapanda juu yakawa meupe.

"Nimemlisha chumvi!" alipaza sauti. Benchi zima likageuka. "Si kuharisha. Mimi ndiye nimemlisha chumvi, tangu jana, jagi zima na nusu! Sikujua. Nisaidieni, ni mimi, ni mimi nimemfanya hivi!" Akalisukuma jagi mezani likamwagika.

Muuguzi alikuwa ameshasimama. Alimchukua mtoto mikononi mwake, akapita naye mlango wa ndani, na Mwongeli akamfuata akikimbia bila viatu.

Wakampima damu, wakamtundikia dripu. Muuguzi yule aliitwa Nereah, na baadaye alikuja kuchuchumaa mbele ya Mwongeli na kumweleza kwa upole, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kama angetukanwa. Chumvi ilikuwa imejaa kwenye damu na ilikuwa ikinyonya maji kutoka mwilini mwote, hata kwenye ubongo. Haiwezi kuondolewa kwa haraka. Wakiharakisha, ubongo utavimba na mtoto ataenda. Itashushwa polepole, na wao wangoje.

"Nitajuaje kama anapona?"

"Saa hii mwili wake hauna maji ya kutoa machozi. Akilia na yatoke, niite, hata nikiwa wapi. Hiyo ndiyo habari njema ya kwanza."

Kamene aliingia na udongo wa Kawangware kwenye vidole. Fatna alikuwa amemwambia yote kwenye simu. Alimtazama mtoto, akaitazama dripu, kisha akamgeukia mama yake na kuuliza swali moja tu.

"Si ulionja?"

"Nilionja," Mwongeli alisema.

Kamene alivuta kiti akaketi upande wa pili wa kitanda. Hakumwambia neno jingine, si siku hiyo, wala siku iliyofuata. Mwongeli angempokea kwa mikono miwili kama angepiga kelele. Wanawake wa wodi waliwaletea chai. Kamene alipokea, akashukuru kila mtu, lakini macho yake hayakuvuka kitanda kuja upande ule.

Mwongeli alibaki na ulimi wake. Aliuuma mpaka ukatoa damu, na damu nayo hakuisikia ladha. Akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria maisha yake yote. Utotoni, ndugu yake mdogo alipougua tumbo, mama yao alimtuma yeye kwenda kuchota maji ya mtoto mtoni, mto mkavu, achimbe mchanga mpaka yachuruzike. Ilikuwa mbali, na kisima kilikuwa hapo hapo karibu na zizi. Mtoto mgonjwa hupewa maji ya mchangani, mama yake alisema, na Mwongeli alikwenda akinuna, akiona ni mambo ya wazee. Hata Kamene mwenyewe alimlea kwa maji hayo hayo, kwa kufuata tu desturi. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Alikuja Nairobi ambako hakuna mto wa mchanga, akaona desturi ile imekwisha kazi, akaiacha nyumbani. Mama yake alijua, au mama wa mama yake, na yeye alikuwa amebeba jibu miaka yote hiyo bila kulifungua.

Aliinama kwenye kitanda. "Mulei," alinong'ona kwa Kikamba, na hakujua tena kama anasema na mjukuu au na yule mwingine. "Uliniacha mara moja, na sikukulaumu. Mara hii ukienda ni mimi nimekufukuza. Usiende. Mimi nitarudi Ikutha, sitakugusa tena, huyu msichana akulee apendavyo. Lakini usiende." Mtoto alilala, mdomo umepasuka, kifua kikipanda na kushuka. Alilia mara mbili tatu, kilio kikavu, na kila mara Mwongeli alimkagua macho kwa karibu mpaka pumzi zao zikagusana. Hayakuwa na kitu.

Ikafika asubuhi ambayo Nereah alikuja na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akampangusa mtoto uso na shingo, akabadilisha plasta ya dripu, kisha akaitwa haraka kitanda cha mwisho wa wodi. Kuvutwa kwa plasta kulimkera Mulei. Alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Kilikuwa kilio chenye hasira, cha mtu anayedai haki yake, na Mwongeli akaruka kutoka kwenye kiti.

Shavu la mtoto lilikuwa limelowa. Kwenye kona ya jicho palikuwa na maji. Lakini Nereah ametoka kumpangusa sasa hivi, na kitambaa kilikuwa kikitiririka. Mwongeli aliyagusa maji yale kwa ncha ya kidole, akakitia mdomoni.

Hakusikia kitu. Maji tu.

Basi ni maji ya kitambaa, alifikiri, na tumaini alilokuwa nalo likamtoka lote kwa pamoja, akaketi sakafuni. Hapo ndipo ilipomjia kwamba huyo aliyemwambia ni maji tu ni ulimi ule ule. Ungemwambia hivyo hata kama ni machozi. Hakuwa na njia ya kujua mwenyewe; palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwomba, na mtu huyo alikuwa hataki kumtazama.

"Kamene," alisema kutoka pale chini. "Nakuomba. Onja."

Kamene aliinua kichwa. Alimtazama mama yake pale sakafuni, nywele wazi, damu kavu mdomoni. Kisha akamwinamia mtoto aliyekuwa bado analia, akagusa kona ya jicho kwa kidole chake, akakipeleka kwenye ulimi. Akabaki amekiacha hapo. Mwongeli aliona uso wa binti yake unavunjika.

"Ni chumvi?"

"Ni chumvi, mwaitu," Kamene alisema, na wote wawili wakaanza kumwita Nereah kwa wakati mmoja.